Mimi Niko Wapi Humo?

Kadi zilikuwa 40, na zote zilibeba picha moja: mimi, mwenzangu na watoto wetu wawili, tumesimama mbele ya ukuta mweupe, nguo zimelingana rangi. Chini ya picha zilichapwa salamu za mwaka mpya na majina yetu manne kwa herufi za dhahabu. Nilikaa jioni mbili nikiandika anwani na kubandika stempu. Zilipoondoka zote nilijisikia vizuri sana, kama mtu aliyewatembelea jamaa zake wote kwa siku moja.

Baada ya wiki mbili shangazi yangu akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema kadi imefika, akasifu watoto walivyorefuka. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "nimeitazama mbele na nyuma. Mmependeza kweli. Lakini mimi niko wapi humo?"

Hakulalamika. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta miwani yake mezani. Nilianza kumweleza kwamba ile ni kadi ya familia, kwamba salamu ni za kwake pia, na maneno yakaniishia katikati. Alikuwa amesema kweli. Jina lake nililiandika kwenye bahasha tu, na bahasha huchanwa ikatupwa. Kadi yenyewe ingeweza kwenda kwa jirani, kwa bosi wangu, au kwa mtu niliyewahi kukaa naye kiti kimoja ndani ya basi, na hakuna ambacho kingebadilika.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa miaka mingi nilidhani kadi ndiyo dawa ya methali hiyo: mtu yuko mbali, unamtumia kitu, naye anakuwepo. Shangazi alinionyesha kwamba unaweza kumtumia mtu kadi nzuri, ya karatasi nzito, na bado ukamwacha nje mlangoni.

Usiku ule nilifungua simu nitafute picha yake ili nimtengenezee kadi nyingine. Simu ilikuwa na picha zaidi ya 11,000. Nilizipitia kwa saa mbili. Risiti zilikuwepo. Machweo yalikuwepo, mengi. Shangazi, aliyenilea miaka minne mama yangu alipokuwa mgonjwa, hakuwemo hata kwenye moja. Uso wake, nakusudia. Mwishowe nikapata picha ya mwanangu wa kwanza akijifunza kutembea, na pembeni, ukingoni kabisa, kuna kiganja kilichokunjuliwa tayari kumdaka. Bangili ya shaba niliitambua. Hiyo ndiyo niliyoichapisha. Nyuma niliandika: "Mkono huu ni wako, shangazi. Hakuanguka."

Ni miaka saba sasa. Siku hizi natuma kadi chache, hazizidi 15 kwa mwaka, na hakuna picha inayokwenda kwa watu wawili. Tunaposema kadi "yenye picha yako mwenyewe", wengi wetu tunaelewa kwamba "mwenyewe" ni yule anayetuma. Mimi nashikilia kwamba ni yule anayepokea, na nimekuja kuamini kuwa karibu kila uamuzi mwingine katika kazi hii, kuanzia picha gani hadi karatasi gani, unafuata kutoka hapo.

Swali la shangazi lilinifanya nitake kujua kadi zilianzaje, na nilichokikuta kilinigusa. Mwaka 1843, jijini London, mtumishi wa serikali aitwaye Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi ya kuchapwa, apate kuwasalimu watu wengi bila kumwandikia kila mmoja barua. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa. Katikati Horsley alichora familia imekusanyika, wameinua bilauri kumtakia heri anayeitazama kadi. Na juu ya mchoro aliacha mstari mtupu wa kuandikwa jina la anayepelekewa. Chini, mwingine wa jina la anayepeleka. Hata kwenye kitu kilichobuniwa ili kupunguza kazi ya kuandika, mtu aliachiwa nafasi yake, na nafasi hiyo ilijazwa kwa mkono.

Cole huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliopigania mageuzi ya posta ya Uingereza ya mwaka 1840. Kabla ya hapo gharama ya barua ilitegemea umbali, na mara nyingi aliyelipa ni aliyepokea. Fikiria hilo: salamu zako zinabisha hodi na kumdai mtu pesa. Baada ya 1840 anayetuma ndiye aliyelipa, peni moja ileile nchi nzima kwa barua nyepesi, na kuanzia hapo kumtumia mtu kitu kidogo cha kumfurahisha kukawa jambo la watu wa kawaida.

Picha zilikuja na njia yao. Mwaka 1854, jijini Paris, mpiga picha André-Adolphe-Eugène Disdéri alisajili ubunifu wa kupiga picha nane ndogo kwenye bamba moja la kioo. Zilikatwa, zikagundishwa juu ya kadi ngumu inayoenea kiganjani, na watu wakazigawa kama tunavyogawa namba za simu. Miaka michache baadaye zilikuwa zimeenea Ulaya na Marekani, na albamu zilitengenezwa kwa vipimo vyake. Kadi zangu 40 ni wajukuu wa kadi za Disdéri: uso mmoja, nakala nyingi, mpe yeyote. Sizidharau. Zilimwezesha fundi viatu kuwa na sura yake kwenye karatasi, jambo ambalo awali lilikuwa la wenye uwezo wa kumlipa mchoraji. Lakini zilisema jambo moja tu: huyu ni mimi.

Kilichonivutia zaidi kilitokea mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1903 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kukunja, namba 3A, iliyotumia filamu yenye ukubwa wa postikadi. Filamu ililazwa juu ya karatasi maalumu ambayo mgongo wake tayari umechapwa kama postikadi, ikapigwa mwanga, na picha yako ikatoka ikiwa postikadi kamili. Wakati huohuo sheria za posta zilikuwa zinalegea. Uingereza mwaka 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905, Marekani 1907: kila moja iliruhusu anwani na maneno yakae pamoja upande mmoja, hivyo upande wa pili ukabaki wa picha peke yake. Mwaka 1914 Kodak wakaongeza kidirisha mgongoni mwa kamera, ukaweza kuandika maneno machache kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ya mgongo wa filamu, na mwanga ukayachapa kwenye filamu yenyewe, dakika ileile uliyopiga.

Ukiziona kadi hizo leo kwenye mikusanyo ya wapenzi wa vitu vya kale, utashangaa zilivyo za kawaida. Baraza la nyumba. Farasi. Watoto watatu kwenye ngazi, mmoja ameangalia pembeni. Na mara nyingi kuna alama ya X iliyochorwa kwa wino juu ya dirisha fulani, na maneno nyuma: hapa ndipo ninapolala. Mgeni haelewi kitu. Aliyepelekewa alielewa kila kitu. Kwangu hicho ndicho kipimo: kadi nzuri ya picha humwacha mgeni akijiuliza.

Basi nachaguaje? Kwanza sifungui simu. Nikiifungua mapema, picha zenye rangi kali ndizo zinazojitokeza, na nitajikuta natafuta picha iliyo nzuri badala ya iliyo yake. Nakaa kimya na kujiuliza: kati yangu na mtu huyu kuna nini ambacho hakipo kati yangu na mtu mwingine? Jibu likija ndipo nakwenda kutafuta. Wakati mwingine halina picha. Basi naipiga.

Rafiki yangu mmoja alitimiza miaka 50. Picha zetu za pamoja zipo nyingi, kutoka kwenye sherehe na misiba na safari, na katika zote tumejipanga mstari kama askari. Lakini urafiki wetu uliota kwenye ngazi za nyuma za jengo tulilokuwa tukifanya kazi, ambako tulikaa kila siku robo saa kabla ya kurudi mezani. Sikuwa na picha ya ngazi zile. Nilirudi, nikaomba ruhusa kwa mlinzi, nikapiga ngazi ya tatu na ya nne zikiwa tupu, saa ileile ya mchana tuliyozoea, jua likikata pembe ileile. Hakuna mtu kwenye picha. Nyuma niliandika tarehe na maneno manne: "Wewe kushoto, mimi kulia." Alinipigia simu akashindwa kuongea.

Watu huniambia, mbona hakuna uso? Uso si lazima. Kiti, mlango, jozi ya viatu, kitabu kilichokunjwa pembe vinaweza kumbeba mtu kuliko sura yake iliyosimamishwa mbele ya kamera. Kinachotakiwa ni kwamba akiiona ajue bila kuambiwa kwamba hii haikutumwa kwa mwingine.

Kuna picha ambazo sitazituma hata zikitimiza sharti hilo. Picha inayomwaibisha mtu, hata kama tulicheka pamoja siku ile, siitumi. Karatasi hukaa mezani na kuonwa na wageni ambao hawakuwepo tukicheka. Picha yenye mtoto wa mtu mwingine siichapishi bila kumwuliza mzazi. Na picha iliyompendeza mtumaji huku mpokeaji amefumba macho naiacha, maana nimeona kadi za namna hiyo zikigeuzwa uso chini kwa adabu.

Picha za zamani ndizo zenye hazina kubwa, na ndizo zinazoharibiwa kwa haraka zaidi tunapozinakili. Kama huna mashine ya kuskani, ilaze picha karibu na dirisha lenye mwanga mpana ambao si jua la moja kwa moja, izime taa ya kamera, ishike simu iwe sambamba kabisa na picha, upige kutoka juu. Ikiwa imo kwenye fremu, itoe kwenye kioo kwanza, isipokuwa kama imeng'ang'ania. Iliyogandamana na kioo usiivute, utaubandua uso wa mtu. Ukiwa na skana, picha ndogo ya zamani iskani kwa nukta 600 kwa inchi ili uweze kuikuza bila kuichosha. Na kabla ya yote igeuze. Migongo ya picha za zamani ina maandishi, na mara nyingi maandishi hayo ndiyo kadi yenyewe.

Kuna jambo ninalolisema kwa msisitizo. Programu za akili mnemba zinazodai kufufua picha zilizofifia hazifufui, zinabuni. Pale ambapo picha haina taarifa za kutosha, zinajaza macho na midomo kutoka kwenye nyuso nyingine zilizotumika kuzifundisha. Niliwahi kuletewa picha ya bibi wa rafiki yangu iliyosafishwa kwa njia hiyo. Ngozi ilikuwa laini, macho maangavu, na hakuwa yeye. Mwanawe aliitazama akasema, "Huyu anamfanana." Kuondoa mkwaruzo, kurudisha weusi uliopauka, hayo nayafanya. Uso siugusi. Ukungu wa picha ya kweli una mtu ndani yake.

Sasa habari za uchapaji. Sitazirefusha, lakini makosa niliyoyafanya yamenigharimu kadi za watu niwapendao.

La kwanza ni umbo. Simu nyingi hupiga picha yenye uwiano wa 4 kwa 3. Kadi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha yako ikipanuliwa ijaze sentimita 15, kimo chake kinakuwa sentimita 11.25, na kadi ina 10 tu. Sentimita moja na robo lazima ikatwe, na usipochagua wewe ikatwe wapi, mashine itachagua. Hivyo ndivyo nilivyotuma kadi ya miaka 30 ya ndoa ambayo mume, mtu mrefu, alianzia kwenye nyusi. Tangu hapo nakata mwenyewe kwanza, kwa umbo la kadi, na siachi uso wala neno ndani ya milimita tano za ukingo, kwa sababu kisu cha mchapaji nacho husogea kidogo. Picha inayotakiwa kufika ukingoni kabisa huongezwa milimita tatu za ziada kila upande, zikatwe.

La pili ni ubora. Ili kadi ya sentimita 10 kwa 15 ichapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800. Simu yoyote ya siku hizi inapita hapo kwa mbali. Tatizo ni kwamba picha nyingi tunazozipenda tumetumiwa kwa WhatsApp, ambayo huzibana ili zisafiri haraka. Kwenye skrini ndogo huoni. Kwenye karatasi nywele zinakuwa kama zimepakwa kwa kidole. Mwombe aliyeipiga akutumie ile ya asili kama dokumenti, si kama picha. Ni ombi la dakika moja.

Skrini, zaidi ya hayo, hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi hutegemea mwanga unaoiangukia. Ndiyo sababu picha iliyopendeza usiku kitandani hutoka kwenye mashine imekuwa na giza, hasa kwenye nyuso nyeusi zenye kivuli, ambako paji na shavu hupoteza umbo lake kabisa. Siku hizi ninapunguza mwanga wa skrini hadi karibu nusu, natazama uso peke yake, na naongeza nuru hapo kidogo kidogo. Nachapisha moja ya majaribio. Ngozi ya mtu ikitoka isivyo, kadi haijawa tayari, hata kama mandhari yamependeza.

Karatasi nachukua isiyong'aa, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Inayong'aa inavutia machoni, ila wino wa maji hauingii ndani yake. Unaelea juu na kufutwa na kidole cha kwanza. Nina huzuni ya kweli kuhusu kadi moja ya kumaliza masomo niliyoiandika kwa kalamu ya wino na kuifunga ikiwa bado mbichi. Ilifika ikiwa na wingu la buluu mahali pa maneno yangu yote isipokuwa jina. Mpokeaji alinishukuru kwa jina.

Hapo tumefika kwenye maneno, na hapa ndipo ninapoteta zaidi.

Usichape salamu. Najua mashine hutoa nafasi ya maandishi mazuri yenye maua, na kuna mashairi tayari ya kila tukio. Yaache. Picha uliyoichagua kwa moyo ikiwekewa maneno ya kila mtu inarudi kuwa ya kila mtu. Andika kwa mkono, hata mstari mmoja. Kitu kinachonisaidia ni kuandika kile ambacho picha haikioni: kilichotokea dakika moja kabla, au moja baada, au nyuma ya kamera. "Hapa mvua ilikuwa inaanza, ukanivalisha koti lako." "Aliyepiga picha hii alikuwa anacheka, ndiyo maana imepinda." Ukimwambia mtu "nakutakia mafanikio mema" umempa kitu alichopewa na wengine 20 wiki hiyo. Ukimkumbusha koti, umerudi naye kwenye mvua.

Halafu, kwenye kona, andika kwa penseli laini majina, mahali na mwaka. Wewe na mpokeaji mnajua. Mtoto wake atakayeiokota baada ya miaka 40 hatajua. Usibonyeze kwa kalamu ya kawaida nyuma ya picha nyembamba, maana mistari hutokea mbele kama makovu. Andika kwenye kadi kabla ya kugundisha picha, au juu ya meza ngumu kwa mkono mwepesi.

Nimeacha kadi za msiba mwisho kwa sababu ndizo zilizonifundisha uangalifu.

Rafiki yangu alifiwa na baba yake. Baada ya mazishi nilikumbuka kwamba nina picha ambayo yule mzee yuko nyuma kabisa. Niliipiga siku ya tamasha la shule ya watoto wetu. Mbele kuna mwanangu amevaa mabawa ya karatasi, na nyuma yake mzee ameinama akimfunga mjukuu wake kamba ya kiatu. Hakujua anapigwa picha. Familia yake haijawahi kuiona. Nilikata sehemu ile, ikawa na chembechembe kidogo lakini ni yeye hasa, hadi namna alivyozoea kutoa ulimi kidogo akifanya kazi ya mikono.

Nilitaka kuituma kesho yake. Mwenzangu akanizuia. Akasema, siku hizi nyumba imejaa watu na simu hazinyamazi, picha hiyo itapita mikono 30 kabla hajaishika yeye. Ngoja watu waondoke. Nikangoja wiki sita, hadi wakati ambao pole zimeisha na mtu anaamka asubuhi akiwa na ukimya wake. Na nilifanya jambo moja ambalo tangu hapo nalifanya kila mara: juu ya picha niliweka karatasi iliyokunjwa, nikaandika, "Ndani kuna picha ya mzee ambayo hujawahi kuiona. Yuko na mjukuu, anafunga kiatu. Itazame utakapokuwa tayari." Sikutaka uso wa baba yake umrukie akichana bahasha amesimama mlangoni, akidhani ni bili.

Alinipigia baada ya siku tatu. "Imefika," akasema. "Bado sijafunua. Lakini najua ipo, iko kwenye droo ya kitanda." Tukazungumza mambo mengine. Sikuuliza tena. Miezi miwili ikapita, ndipo nikapata ujumbe wake wa usiku: "Ulimi." Neno hilo tu.

Kadi za namna hiyo sizitumi kwa ujumbe wa simu, ingawa sina ugomvi na kadi za simu kwa jumla. Kuna watu wasio na anwani ya kudumu, kuna waliohama, kuna ambao karatasi haiwafikii kwa wakati. Picha iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja na kutumwa kwake peke yake kwenye simu ni kadi halali. Ile inayorushwa kwa watu 200 kwa kubonyeza mara moja ni tangazo, hata ikiwa imechapwa kwa dhahabu. Najua, nimeshatuma 40 za aina hiyo. Ila karatasi inampa mtu uwezo wa kuamua lini. Inaingia kwenye droo na kungoja. Simu inakuwekea picha usoni ukiwa foleni.

Na ukipokea moja, itunze mbali na jua na unyevu. Usiitie kwenye mifuko ya plastiki ya PVC wala albamu zenye kurasa za gundi, ambazo hula picha polepole na kukataa kuiachia. Bahasha ya karatasi isiyo na tindikali ndani ya sanduku kavu inatosha. Iliyo ukutani hufifia. Kama unaipenda ukutani, weka nakala, asili ifiche.

Mwezi uliopita bahasha kubwa ililetwa nyumbani, imepigwa muhuri wa "usikunje" mara mbili, na ndani yake kipande cha kadibodi kila upande. Mwandiko ulikuwa wa shangazi. Hajawahi kunitumia kadi. Yeye ni mtu wa simu. Alikuwa amekunja karatasi ngumu katikati na kushikiza picha kwa pembe nne ndogo za karatasi, bila gundi, kama nilivyowahi kumweleza.

Picha ni ya nyeusi na nyeupe, imepauka pembeni. Shangazi, kijana, amesimama uani, ananitazama kwa jicho la pembeni. Mimi niko mgongoni kwake, nimefungwa kwa kanga, nimelala, mdomo wazi, shavu limebonyea begani kwake. Sijawahi kuiona. Sikujua kama kuna picha yangu yoyote ya miaka ile minne.

Nikaigeuza. Alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi zile zake za kuegemea nyuma:

"Siku hii mama yako aliruhusiwa kutoka, akaja kukuona. Ulikuwa na homa usiku kucha, ndiyo kwanza umelala. Alinikataza kukuamsha. Akaazima kamera ya jirani. Ukiuliza yeye yuko wapi humo, tazama chini."

Nikatazama chini. Jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, na juu ya mchanga, kuanzia ukingo wa picha hadi karibu na miguu ya shangazi, kumelala kivuli kirefu chembamba, viwiko vimetokeza pembeni, kichwa kimeinama kidogo kwenye kamera.